Atensheni mtambuka kati ya maandishi na sauti: mbona uzito wote unatoka 1.0?

mshonadata

Wakuu, habari za kazi. Hii ni wiki ya tatu nahangaika na kitu kimoja, na nimeanza kuota tensa (majedwali ya namba) usingizini, kwa hiyo naileta kwenu kabla sijafuta folda nzima kwa hasira.

Nina rekodi fupi za watu wakizungumza, nyingi kati ya sekunde 3 na 10, na kila rekodi ina maandishi ya kilichosemwa. Kazi ya modeli ni moja tu: iseme kama mzungumzaji anamaanisha maneno yake au anakejeli. Chukueni sentensi kama "Hongera sana, umetuweza." Ukiisoma, ni pongezi. Ukiisikia, kuna mtu ameivuta ile "saaana" mpaka unajua hapo hakuna pongezi, kuna mkuki. Ndiyo maana nataka modeli isome na isikie kwa pamoja.

Upande wa maandishi natumia enkoda (sehemu inayogeuza maandishi kuwa namba) ya ukoo wa BERT, tokeni, yaani vipande vya maneno, zisizozidi 64, kila tokeni vekta ya namba 768. Upande wa sauti ni wav2vec 2.0, toleo la Base, nayo inatoa vekta za 768. Kwa kuwa rekodi hazilingani urefu, nilichukua wastani wa vekta zote za sauti nikabaki na vekta moja kwa kila rekodi. Kisha nikaandika atensheni mtambuka, yaani tabaka ambalo upande mmoja unauliza na mwingine unajibu:

```
sauti = vekta_za_sauti.mean(dim=1).unsqueeze(1)
mtambuka = nn.MultiheadAttention(768, 8, batch_first=True)
jibu, uzito = mtambuka(maandishi, sauti, sauti)
maandishi = maandishi + jibu
```

Msimbo haulalamiki popote. Losi (kipimo cha makosa) inashuka vizuri. Ila nilipochapisha uzito (kiasi ambacho kila tokeni inaiangalia kila vekta ya sauti) nikakuta 1.0 kila mahali: kila tokeni, kila rekodi, tangu hatua ya kwanza ya mafunzo. Na kwenye data za uhakiki, modeli hii na ile ya maandishi peke yake ni kama mapacha. Tofauti haifiki asilimia moja, na siku nyingine ile ya maandishi ndiyo inayoshinda. Nimeongeza vichwa (atensheni zinazofanya kazi sambamba ndani ya tabaka) kutoka 8 hadi 12, nimeongeza matabaka, nimebadili kasi ya kujifunza mara sijui ngapi. Wapi.

Hiyo 1.0 ni hitilafu? Au nimekosea kuyafanya maandishi kuwa Q (anayeuliza) na sauti kuwa K (kinacholinganishwa na swali) na V (yaliyomo yanayochukuliwa)? Na siku nikibadili enkoda ya sauti nikapata vekta za 512, itabidi nizilinganishe kwanza?

kasi_tu

Mkuu, 1.0 maana yake modeli ina uhakika na jibu. Ongeza dropauti (kuzima baadhi ya namba kwa nasibu wakati wa mafunzo), punguza kasi ya kujifunza, itatulia.

fundi_wa_matriksi

kasi_tu, hapana ndugu yangu. Dawa hiyo ni ya ugonjwa mwingine.

mshonadata, acha kompyuta kidogo, chukua karatasi. Softimaksi, ile hatua inayogeuza alama kuwa uzito, inachukua alama za K zote, yaani kila K inavyolingana na Q, inapandisha e kwa kila alama, kisha inagawa kila tokeo kwa jumla yao. Wewe una K moja. Kwa hiyo ni e ya alama hiyo kugawa kwa e ya alama hiyo hiyo. Alama iwe 0.2, iwe 40, iwe hasi 7, jibu ni 1. Huu ni uchaguzi wenye mgombea mmoja: mpiga kura awe na maoni gani, kura zote zinaenda kulekule. Modeli haina uhakika wowote. Haikupewa cha kuchagua.

Fuata mnyororo wake uone ulivyo mrefu. Kama uzito hauwezi kubadilika, basi Q haina kazi na K haina kazi, na gradienti zao (kinachoonyesha kila namba irekebishwe vipi wakati wa kujifunza) ni sifuri. Usiniamini, hakikisha: baada ya `backward()`, angalia `mtambuka.in_proj_weight.grad`. Kwa vipimo vyako hiyo ni matriksi ya safu 2304 kwa 768, yaani Q, K na V zimepangwa moja juu ya nyingine. Safu 1536 za mwanzo utazikuta tupu. Inayojifunza ni V na ile projeksheni (kuzidisha kwa matriksi inayojifunza) ya mwisho tu. Na kwa kuwa V ni moja, kila tokeni inapokea nyongeza ileile, "hongera" sawasawa na nukta ya mwisho wa sentensi. Kwa maneno mengine umeandika tabaka la kawaida la kujumlisha, ila ukapitia njia ndefu. Kuongeza vichwa hadi 12 kumekupa chaguzi 12 zenye mgombea mmoja kila moja.

Kwa hiyo wastani uondoe. Vekta za sauti zibaki zote, kwa mpangilio wake. wav2vec 2.0 inapokea sampuli 16,000 kwa sekunde na inapiga hatua ya sampuli 320, ndiyo milisekunde 20 kwa fremu, yaani vekta moja ya sauti. Rekodi ya sekunde 6 inakupa fremu 299. Wengi husema 300. Ni 299, kwa sababu dirisha la kwanza linameza sampuli 400 na pembeni hakuna cha kujazia. Inaonekana ni jambo dogo, mpaka maski yako (orodha ya fremu za kufichwa) izidi kwa fremu moja na msimbo ugome.

Sasa umbo lake. Maandishi ni kundi (idadi ya rekodi zinazopita pamoja) kwa 64 kwa 768. Sauti ni kundi kwa 299 kwa 768. Uzito unatoka kundi kwa 64 kwa 299: kila neno lina safu yake, na safu hiyo inajumlisha kuwa 1 juu ya fremu za sauti. Jibu linarudi na urefu wa Q, yaani 64. Ukikumbuka hili moja, kwamba urefu unatoka kwa anayeuliza na yaliyomo yanatoka kwa anayeulizwa, nusu ya kuchanganyikiwa itakwisha.

Vipimo si lazima vilingane mwanzoni. Q na K zinakutana baada ya kupitia projeksheni zao, na hapo ndipo zinapolinganishwa. Ukipata sauti ya 512 andika `kdim=512, vdim=512`, basi.

Nani awe Q? Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, maana watu hujibu kwa mazoea. Angalia kazi zilizopo. Mwaka 2014 Bahdanau na wenzake walipoleta atensheni kwenye tafsiri, aliyeuliza ni upande unaoandika lugha mpya, aliyeulizwa ni sentensi ya awali. Kwa hiyo hii ya mtambuka imeitangulia ile ya kujitazama, yaani tokeni za mstari mmoja zikiulizana zenyewe, iliyovuma mwaka 2017. Whisper ya mwaka 2022, inayogeuza sauti kuwa maandishi, ni vivyo hivyo: dikoda (sehemu inayoandika) inauliza, na nafasi 1500 za sauti, ambazo ni sekunde 30, zinajibu. Stable Diffusion, inayochora picha kutokana na maelezo, ni kinyume: picha inayochorwa ndiyo inayouliza, tokeni 77 za maelezo zinajibu. Q ni yule ambaye unataka kubaki na umbo lake mwishoni, akiwa ameongezewa asichokijua. Kwako neno linaiuliza sauti, "nilitamkwaje?" Mpangilio wako ni sahihi. Kuna walioziweka pande mbili zikiulizana, kama ViLBERT mwaka 2019, lakini usikimbilie huko kabla upande mmoja haujaonyesha faida.

Kuna atakayekuambia unganisha vyote kwenye mstari mmoja vijitazame. Inawezekana, na mara nyingi inafanya kazi. Ila hesabu gharama: mtambuka ni 64 kwa 299, alama 19,136 kwa kila kichwa. Ukiunganisha unapata tokeni 363, na 363 kwa 363 ni 131,769.

Nimebakiza maski, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu pamenila siku mbili za maisha yangu. Rekodi fupi zitajazwa sifuri ili zilingane na ndefu, na lazima uifiche hiyo padingi. Maski ihesabiwe kwa fremu, usihesabu kwa sampuli:

```
fremu = (sampuli - 400) // 320 + 1
puuza = torch.arange(fremu.max())[None, :] >= fremu[:, None]
jibu, uzito = mtambuka(maandishi, sauti, sauti, key_padding_mask=puuza)
```

Kwenye `nn.MultiheadAttention`, True ndani ya `key_padding_mask` maana yake "hii ipuuze". Ukihamia `F.scaled_dot_product_attention`, True maana yake "hii ishiriki". Maktaba ni moja, neno ni lilelile, maana zimepeana mgongo. Mimi nilihama kutoka moja kwenda nyingine bila kugeuza, na modeli yangu ikawa inasikiliza padingi peke yake, yaani ukimya niliouweka mwenyewe. Na losi ilishuka! Ilishuka kwa sababu maandishi yalikuwa yanabeba mzigo wote. Nilikuwa najaza kila rekodi hadi urefu mmoja niliouweka, na nisingegundua kama rekodi moja isingefikia urefu huo wote: haikuwa na padingi hata fremu moja, kwa hiyo kwa maski ile iliyogeuka kila kitu chake kilifichwa, softimaksi ikakosa pa kushika, ikatoa NaN (yaani "si namba"). Siku zile niliichukia ile NaN. Leo ningeinunulia zawadi.

kasi_tu

Naondoa jibu langu, fundi. Uchaguzi wenye mgombea mmoja nimeuelewa vizuri sana.

mshonadata

Fundi, asante sana. Nimeangalia gradienti: safu 1536 kweli zimelala kama ulivyosema. Nilihisi aibu kidogo, kisha nikacheka.

Nimeondoa wastani, nimeweka maski, nimeihakiki kwa macho kwenye rekodi tano. Uzito sasa si 1.0 tena, ila umeniletea kichekesho kingine: kwenye rekodi ya sekunde 6 kila fremu inapata karibu 0.0033. Nimepiga hesabu, 1 gawa kwa 299 ni hiyohiyo. Yaani modeli inaigawia kila fremu sawasawa, na nimerudi kwenye wastani wangu kwa mlango wa nyuma. Matokeo bado ni pacha wa maandishi.

Jambo jingine, sijui kama linahusika. Nilisoma kuhusu Flamingo, modeli ya picha na lugha, nikapenda wazo la geti (namba inayojifunza kiasi cha kuruhusu nyongeza ipite), nikaongeza `maandishi + tanh(geti) * jibu`, geti ikianza na 0 ili nisiharibu enkoda ya maandishi. Kwa usalama zaidi nikaijaza pia `out_proj`, ile projeksheni ya mwisho, sifuri. Nimepitia data mara mbili nzima na geti bado inasoma 0.0000. Nilidhani inajifunza polepole.

bi_mawimbi

Mwanangu, hiyo geti haijifunzi polepole. Imekufa, na umeiua kwa usalama zaidi.

Tazama. Kilichoongezwa ni tanh ya geti mara jibu. Geti ili ipate gradienti, jibu lisiwe sifuri. Jibu lako ni sifuri kwa sababu umeifuta `out_proj`. Nayo `out_proj` ili ipate gradienti, tanh ya geti isiwe sifuri. Ni sifuri. Watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake "tangulia wewe", na hakuna anayepita mpaka umeme ukatike. Na nyuma yao Q, K na V hazipati chochote pia, ndiyo maana uzito wako umelingana: hizo ni projeksheni za siku ya kuzaliwa, hazijaguswa. Ile 0.0033 haina siri zaidi ya hapo.

Sifuri iwe moja tu. Flamingo iliianza geti na 0 ikaziacha projeksheni na namba zake za kawaida. Hatua ya kwanza inasogea geti peke yake. Kuanzia ya pili vyote vinatembea. Tena wenzako wale walikuwa na sababu: modeli yao ya lugha iligandishwa na hawakutaka kuivuruga. Kama wewe unaifundisha enkoda yako pamoja na vingine, geti ni hiari. Mimi ningeitoa kwanza, nipunguze vitu vya kushuku.

Baada ya hapo weka `LayerNorm` (inayosawazisha ukubwa wa vekta) kwenye pande zote mbili kabla hazijakutana, kila upande na yake. Enkoda mbili zilizofundishwa mbalimbali hazina sababu ya kutoa vekta za ukubwa mmoja, na alama ni mazao ya Q na K. Upande mmoja ukipiga kelele, softimaksi inaruka kwenye fremu moja na kuganda hapo. Kule kugawa kwa kipeuo cha pili cha vipimo vya kichwa kunasaidia tu kama vekta zilianza na ukubwa wa kawaida.

Na fremu za milisekunde 20 ni ndogo mno kwa swali lako. Kejeli haikai kwenye milisekunde 20, inakaa kwenye mvuto wa silabi na mwisho wa sentensi. Chukua wastani wa fremu nne nne, ubaki na kama 75. Naam, ni wastani uleule uliokuponza, lakini sasa wagombea ni 75.

Sasa nije kwenye ninachokiona kikubwa kuliko msimbo wote. Hujatuambia data yako inaruhusu nini. Kama rekodi nyingi zinajulikana kwa kusoma tu, modeli itachukua njia ya mkato ya maandishi, na sauti itabaki mgeni aliyekaa sebuleni bila kusemeshwa. Na hutaona kosa popote. Kwa hiyo fanya jaribio hili kabla hujabadili kingine chochote. Kwenye data za uhakiki, badilisha sauti kati ya rekodi za kundi moja, kila sentensi ipewe sauti ya mwenzake:

```
p = torch.randperm(len(sauti))
jibu, _ = mtambuka(maandishi, sauti[p], sauti[p], key_padding_mask=puuza[p])
```

Usisahau kuibadilisha maski pamoja nayo. Kama usahihi haushuki, modeli haisikii, hata picha za uzito ziwe na rangi nzuri namna gani. Hapo ndipo unaanza kuyafunika maandishi wakati wa mafunzo, mara moja moja, rekodi nzima, ili modeli ilazimike kutega sikio. Na tafuta jozi: maneno yaleyale, yamesemwa mara mbili, mara kwa kumaanisha na mara kwa kejeli. Jozi hizo maandishi hayawezi kuzitatua hata yafanyeje. Ukiwa nazo hata chache kwenye uhakiki, zitakuambia ukweli kuliko asilimia ya jumla.

Picha za uzito ukizichora, weka `average_attn_weights=False`. Usipoweka unapewa wastani wa vichwa vyote, na kichwa kimoja kinachofanya kazi kinazama katikati ya saba vinavyosinzia.

mshonadata

Shikamoo bi_mawimbi. Nimefanya kama ulivyosema, kwa mpangilio uleule.

Modeli ya zamani: nimebadilisha sauti, usahihi haukutikisika hata chembe. Wiki tatu nilikuwa nafundisha modeli ya maandishi yenye mapambo.

Modeli mpya, bila geti, `LayerNorm` pande mbili, fremu nne nne, maandishi yakifunikwa mara moja moja: nikibadilisha sauti, usahihi unaanguka waziwazi. Nilifurahi kuuona ukianguka, sijui kama mnaielewa furaha ya namna hiyo. Jozi ninazo chache tu, nimezitafuta kwa mkono usiku kucha. Ya zamani ilikuwa inatoa jibu moja kwa rekodi zote mbili za jozi, lazima ikose moja. Mpya inazitenganisha nyingi.

Nimechora kichwa kimoja kimoja. Kuna kimoja ambacho neno "sana" linaangalia moja kwa moja ile sehemu ya "aaa". Nilipaza sauti peke yangu chumbani. Lakini vichwa vingine vitatu vinaangalia kitu cha ajabu: ukimya wa mwanzo, kabla mtu hajafungua kinywa. Kila neno, kila rekodi. Ni maski tena?

fundi_wa_matriksi

Kwanza, furaha hiyo tunaielewa.

Maski iangalie, lakini sidhani. Rudi kwenye softimaksi: uzito lazima ujumlishe kuwa 1. Neno ambalo halina swali kwa sauti haliruhusiwi kunyamaza. Lazima kura yake iende mahali. Kwa hiyo modeli inajitafutia pahali pasipo na madhara pa kuitupa, na ukimya wa mwanzo uko kwenye karibu kila rekodi. Ukitaka kulipa pahali pake rasmi, weka `add_zero_attn=True`: inaongeza K na V moja ya sifuri mwishoni, na neno lisilo na swali linapiga kura huko bila kuokota chochote. Maski usiirefushe kwa mkono, nafasi hiyo inaongezwa ndani. Tena inakukinga na ile NaN ya rekodi iliyofichwa yote, maana siku zote kuna mgombea mmoja aliyebaki.

Na kile kichwa cha "sana", kifurahie lakini usikiapie. Zima sehemu ya "aaa" kwenye rekodi yenyewe, uone kama jibu linageuka. Picha ya uzito inaonyesha kilichoangaliwa. Kama kimetumika ni habari nyingine.

mshonadata

Nimezima "aaa" kwenye jozi sita. Nne zimegeuka kutoka kejeli kuwa pongezi, mbili zimekataa. Hizo mbili nimezisikiliza tena: kejeli yake iko kwenye kicheko kidogo cha puani baada ya "umetuweza", ambacho kwenye maandishi hakipo kabisa. Nalifanyia kazi hilo na `add_zero_attn` usiku huu.

kasi_tu, nina habari yako pia. Enkoda ya sauti ilikuwa inayumba nilipoifundisha kwa kasi ileile ya tabaka jipya la atensheni. Nimeipunguzia kasi ya kujifunza, ikatulia.

kasi_tu

Nilisema!